Farasi huugua kimya: Niliyofunzwa na simu na niliyofunzwa na saisi

MTAJIE Mkenya farasi na mara nyingi atakutajia mambo matatu: mashindano ya Ngong, askari wa kupanda farasi, na watoto wanaopigwa picha siku ya sikukuu wakiwa juu ya tandiko huku mtu amewashikia hatamu. Farasi kwetu ni mnyama wa kutazamwa tu. Ng'ombe tunamjua, mbuzi tunamjua, na punda tunamtumikisha tangu alfajiri hadi jua kutua. Lakini farasi tumemwachia mwenye nacho.

Hata hivyo, lugha yetu inamjua mnyama huyu tangu zamani. Neno lenyewe, farasi, tumelipata kwa Waarabu, na pamoja nalo tukapata hatamu, lijamu, na neno jingine ambalo vijana wengi wa leo hawalijui: saisi. Saisi ni mtunza farasi. Neno hilo la Kiarabu lilifika pia India, Waingereza wakaliokota huko, kisha wakaja nalo Nairobi. Ndiyo sababu hadi leo, katika mabanda ya Karen na Ngong, Mzungu mwenye farasi na Mwafrika anayemtunza hutumia neno moja, kila mmoja akidhani ni la mwenzake.

Mjomba wangu ni saisi. Jina lake sitalitaja kwa kuwa bado ni mwajiriwa wa watu, lakini yatosha kusema kwamba ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Mimi mwenyewe kazi yangu ni ya ukarani, na mpaka mwaka 2021 sikuwa na habari na farasi zaidi ya ile aliyo nayo mpita njia. Siku moja mjomba alinijia na ombi.

"Mpwa wangu," akasema, "wewe una simu kubwa. Hebu nitafutie humo, farasi anafaa kunywa maji kiasi gani kwa siku. Nimeulizwa na nimejibu, lakini wanataka maandishi."

Maneno hayo mawili ya mwisho, "wanataka maandishi", ndiyo yaliyoniingiza katika masomo haya. Mtu amewanywesha farasi maji kwa miaka 30 na ushei, anajua kila mmoja humaliza ndoo ngapi siku ya jua na ngapi siku ya baridi, lakini neno lake halina uzito mpaka liandikwe na mtu ambaye labda hajawahi kubeba ndoo.

Nilitafuta, na jibu nikalipata upesi: farasi mzima wa kilo 500 asiyefanya kazi nzito hunywa lita 25 hadi 50 hivi kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Mjomba alikuwa amesema ndoo mbili hadi tatu za lita 20 siku ya jua la kawaida. Basi hapo alicheka sana.

Lakini katika kutafuta huko nilikuta jambo ambalo sikulitarajia. Vyuo vikubwa vya ng'ambo vilikuwa vimeyamwaga masomo ya farasi kwenye intaneti, na mtu yeyote angeweza kujiandikisha. Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, kilipoanza kutoa masomo ya wazi ya aina hii Januari 2013, moja katika yale sita ya kwanza lilikuwa la lishe ya farasi. Baadaye kikaongeza somo la tabia na ustawi wa wanyama. Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, nacho kina somo la utunzaji wa farasi kwa mtu anayeanza kabisa. Nilipojiandikisha, kusikiliza hakukuwa na malipo. Kilicholipiwa ni cheti. Gharama yangu kubwa ilikuwa bando, maana filamu za masomo hula bando kama farasi alavyo nyasi.

Kwa muda wa miezi minane nilikuwa mwanafunzi wa usiku. Kila Jumapili nikawa nakwenda kwa mjomba na daftari langu, kupima yale niliyosikia kwa mnyama mwenyewe.

TUMBO LISILORUDISHA

Jambo la kwanza ambalo masomo hayo humwingiza mtu kichwani ni kwamba farasi ni windo. Kabla mwanadamu hajamtia hatamu, aliishi kwenye nyika wazi akiliwa na wanyama wakali, na mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya kuona hatari mapema na kukimbia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hata anaona karibu mzunguko wote unaomzingira. Mahali asipoona ni padogo: mbele ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Anayemwendea kutoka nyuma kimyakimya amejitakia teke.

Rangi nazo haoni kama sisi. Anatambua buluu na manjano, lakini nyekundu na kijani humchanganyikia. Huko Uingereza kwa miaka mingi mbao za viunzi vya kurukwa zilipakwa rangi ya chungwa ili zionekane vizuri. Zilionekana vizuri kweli, ila kwa mpandaji! Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa farasi rangi hiyo huzama katika rangi ya majani, na wakubwa wa mashindano wakaamua kuibadilisha kwa nyeupe. Farasi wangapi walijikwaa kabla ya mtu kuuliza wao huona nini?

Mambo ya tumbo ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Farasi hacheui kama ng'ombe. Tumbo lake la kwanza ni dogo mno kwa mnyama wa ukubwa ule, lita 8 hadi 15 tu, na linatoa asidi usiku na mchana, pawe na chakula au pasiwe. Ndiyo maana akiwa huru hula polepole kwa saa nyingi, 16 na hata zaidi kwa siku. Ukimpa shayiri debe zima asubuhi na jingine jioni, kisha ukamfungia kati ya hapo bila nyasi, asidi inalitafuna tumbo lenyewe. Kazi kubwa ya kusaga nyasi hufanywa nyuma, katika utumbo mpana, na wadudu wadogo wasioonekana. Utumbo huo umekunjwakunjwa, na mahali pamoja karibu na nyonga unapinda na kuwa mwembamba ghafla. Chakula kikavu kisichopata maji ya kutosha hukwama papo hapo.

Halafu kuna hili: farasi hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake umekazwa kiasi kwamba kilichoingia hakirudi. Mbwa akila kibaya atakirudisha. Farasi hana njia hiyo. Maumivu ya tumbo, ambayo kwa mtu ni jambo la kunywa dawa na kulala, kwa farasi yanaweza kuwa kifo cha usiku mmoja.

Masomo yakanifundisha kupima. Mpigo wa moyo unaushika kwa vidole viwili chini ya taya, mahali mshipa unapopita juu ya mfupa. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, kwa hivyo ni moyo wa polepole kuliko wangu na wako. Pumzi ni 8 hadi 16. Joto la mwili ni kati ya 37.5 na 38.5. Ufizi uwe na rangi ya waridi na unyevu. Ukiubonyeza kwa kidole ugeuke mweupe, rangi irudi kabla ya sekunde mbili. Kisha weka sikio ubavuni, kushoto na kulia, usikilize. Tumbo la farasi mzima hunguruma kama maji yapitayo kwenye mabomba. Tumbo lililonyamaza ndilo la kuogopwa.

Mjomba alisikiliza haya yote akiwa amejiegemeza kwenye ndoo. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akashika mshipa chini ya taya bila hata kutazama, kama mtu anayetafuta swichi ya taa nyumbani kwake. Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi. Ila hakuwa akihesabu. "Mimi nasikia kama unakwenda au unakimbia," akasema.

FARASI WA BERLIN

Katika masomo ya tabia kuna kisa kimoja ambacho hakikosekani. Mwanzoni mwa karne iliyopita aliishi Berlin mwalimu mstaafu wa hesabu, Wilhelm von Osten, aliyekuwa na farasi kwa jina Hans. Ati farasi huyo alijua kujumlisha na kugawanya! Aliulizwa swali, naye akajibu kwa kugonga ardhi kwa kwato mpaka ifike hesabu sahihi. Mwaka 1904 iliundwa tume ya wataalamu kuchunguza kama kulikuwa na udanganyifu, nayo haikuona wowote. Baadaye msomi aitwaye Oskar Pfungst alimpima kwa utaratibu zaidi, na mwaka 1907 akachapisha aliyoyagundua. Hans alipata jibu pale tu ambapo muulizaji mwenyewe alilijua, na pale tu alipoweza kumwona. Alichokuwa akisoma hakikuwa hesabu bali mwili wa mtu. Kwato ilipofikia hesabu iliyotakiwa, muulizaji alilegea au kuinua kichwa kidogo bila mwenyewe kujua, na Hans akaacha kugonga.

Watu wengi walikasirika kwamba farasi "hakujua hesabu". Mimi naona walipuuza lililo kubwa zaidi. Mnyama yule alikuwa anaona kitu ambacho tume nzima ya wataalamu haikukiona.

Nilimsimulia mjomba. "Kwani walihitaji tume?" akauliza. "Mimi nikigombana na mama watoto nyumbani, huyu jike wa banda la tatu anajua kabla sijafungua lango."

Na kweli, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwaonyesha farasi 28 picha kubwa za nyuso za watu, nyingine zikitabasamu na nyingine zimekasirika. Walipoona uso wa hasira, mioyo yao ilipanda mbio upesi zaidi, na waligeuza kichwa kuitazama picha kwa jicho la kushoto. Hawakuwa wakiwajua watu wale. Ilikuwa karatasi tu.

Basi farasi anatusoma. Je, sisi tunamsoma? Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Ulaya lilichapisha kipimo cha maumivu kinachotegemea uso wa farasi peke yake. Walitazama mambo sita: masikio yaliyokaza kuelekea nyuma, jicho lililofumbwa nusu, mfupa wa juu ya jicho uliojitokeza, misuli ya taya iliyosimama, mdomo uliobanwa mpaka kidevu kikachomoza, na mianzi ya pua iliyokakamaa. Kila moja hupewa sifuri, moja au mbili, kisha unajumlisha. Halihitaji mashine wala damu. Linahitaji mtu asimame kando ya banda, anyamaze, na atazame.

Na haja ya kutazama ni kubwa, kwa maana windo halilii. Mnyama wa nyika anayeonyesha kwamba ameumia amejitangaza kwa fisi. Kwa hivyo farasi huugua kimya.

AMBAYO SIMU HAIKUSEMA

Isidhaniwe kwamba mwalimu alikuwa mmoja. Kuna mambo ambayo masomo ya Florida na Edinburgh huyagusa juujuu kwa sababu si ya kwao, na hapo mjomba ndiye aliyeshika chaki.

La kwanza ni nyasi. Masomo husifu nyasi za nchi za baridi. Hapa kwetu katika nyanda za juu farasi hulishwa majani makavu ya Boma Rhodes, na akiachwa nje hukuta nyasi ile iliyotapakaa kila mahali, ambayo duniani kote huitwa kwa jina la Kikuyu. Mjomba aliwahi kuona, miaka mingi iliyopita, farasi aliyelishwa hiyo peke yake pamoja na pumba za ngano akivimba mifupa ya uso pande zote mbili, na miguu ikamlegea. Tangu hapo hamlishi farasi nyasi hiyo bila kumwongezea luseni. Nilikwenda kutafuta. Nikakuta kwamba nyasi ya Kikuyu, iliyopelekwa Australia na kuenea huko, ina chumvi ya asili iitwayo oksaleti ambayo huikamata kalisi tumboni isiingie mwilini. Mwili ukikosa kalisi huichota kwenye mifupa. Pumba nazo huzidisha ubaya kwa kuwa zimejaa fosforasi. Na luseni? Imejaa kalisi. Mjomba hakuwahi kulisikia neno oksaleti maishani mwake.

La pili ni visubi. Msimu wa mvua mjomba huwaingiza farasi wote ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni, hata mwenye farasi akitaka wabaki nje. Kuna maradhi ya virusi yanayoitwa kwa jina la bara letu, maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo huenezwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Punda milia huyabeba wasiugue. Punda wa kawaida huugua kidogo. Lakini farasi asiyechanjwa hufa, na mara nyingi kwa ghafla, akitoka povu puani. Padre Monclaro, aliyefuatana na Wareno pwani ya Afrika Mashariki, aliandika mwaka 1569 juu ya farasi walioletwa kutoka India wakafa, na wanahistoria wengi wanaamini ni maradhi hayohayo. Huko Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1854 na 1855 yaliua farasi karibu 70,000. Ukiongeza mbung'o na malale yao, utaelewa kwa nini farasi hakupata makao makubwa kwetu kama alivyopata Ethiopia au Afrika Magharibi. Chanjo ipo siku hizi. Visubi nao bado wapo.

USIKU WA JULAI

Sasa nije kwenye usiku ambao ulinionyesha maana ya masomo haya. Ilikuwa Julai 2023, katika ile baridi ya Nairobi inayomfanya mtu asitake hata kunawa. Farasi nao kwenye baridi hupunguza kunywa.

Saa kumi jioni mjomba aliona kwamba jike mmoja ameacha maji ndani ya ndoo, na kwamba tangu asubuhi ametoa mavi mara tatu tu, madonge madogo makavu yenye utando. Farasi mzima hutoa mara nane na zaidi kwa siku. Alimwendea msimamizi wa zizi. Msimamizi akasema jike amechoka tu, aachwe apumzike, na kwamba daktari haitwi kwa kila kitu kwa kuwa ni pesa.

Saa moja jioni mjomba alinipigia simu, nami nikafika kwa pikipiki. Jike alikuwa amesimama pembeni, hajagusa nyasi. Kila baada ya muda aligeuza shingo na kutazama ubavu wake mwenyewe, kama mtu aliyeitwa. Hakugaagaa wala hakupiga kelele. Mtu asiyejua angesema farasi huyu ni mpole.

Tulipima pamoja. Mpigo 52. Ufizi umekauka. Nikaweka sikio ubavu wa kushoto: kimya. Wa kulia: mngurumo mmoja mdogo, kisha kimya tena. Tukaondoa chakula chote. Baada ya nusu saa tukapima mara ya pili: 56.

Mjomba akachukua simu yangu, akampigia daktari mwenyewe bila kupitia kwa msimamizi. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kufanya hivyo. Nilimsikia akisema: "Daktari, moyo 52, baada ya nusu saa 56. Joto 37.9. Mavi mara tatu tangu asubuhi, makavu. Kushoto tumbo limenyamaza. Hajanywa ndoo hata moja." Upande wa pili palikuwa na kimya kifupi. Kisha tukasikia: "Usimpe kitu chochote. Niko njiani."

Daktari alivaa glavu ndefu hadi begani, akaingiza mkono, na akalikuta lile donge palepale pembeni mwa nyonga. Akamchoma sindano ya maumivu. Kisha akapitisha mpira mrefu puani hadi tumboni, akammiminia maji yenye chumvi za kulainisha. Tulikesha. Mjomba alimtembeza hatua chache kila baada ya muda, huku akimsemesha kwa lugha ya kwao ambayo mimi siisikii vizuri. Saa kumi na nusu alfajiri jike aliinua mkia. Sijawahi kuona watu wazima watatu wakifurahia mavi kiasi kile.

Jambo ambalo halijanitoka akilini ni hili. Habari aliyokuwa nayo mjomba saa kumi jioni na ile aliyompa daktari usiku ni habari moja. Mavi yalikuwa yaleyale, ndoo ileile. Kilichoongezeka ni hesabu chache na utaratibu wa kuzisema. Saisi aliyesema "farasi huyu hayuko sawa" aliambiwa akapumzike. Saisi aliyesema "56" aliitikiwa mara moja.

Na hapa niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Masomo ya simu hayamfanyi mtu kuwa daktari. Sheria yetu ya mwaka 2011 inasema wazi ni nani anayeruhusiwa kutibu mnyama, na ni vema iwe hivyo. Hata uganga wa mifugo wa kisasa ulianzia kwa watu wa farasi: shule ya kwanza, huko Lyon nchini Ufaransa mwaka 1761, ilianzishwa na Claude Bourgelat, ambaye alikuwa mkuu wa chuo cha kupanda farasi. Kazi ya saisi ni kumwona mgonjwa mapema na kumweleza daktari kwa maneno asiyoweza kuyapuuza.

PUNDA AFE?

Msomaji ataniuliza, farasi wa matajiri watunusuru na nini? Swali ni la haki. Farasi nchini ni wachache. Lakini ndugu yake yuko mlangoni pako. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Kati ya sensa hizo mbili yalifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China, na wizi wa punda ukaingia vijijini. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia kote barani uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15.

Na tazama tunavyomsema. Punda afe mzigo ufike. Shukrani ya punda ni mateke. Punda haendi ila kwa kigongo. Sijui mnyama mwingine aliyetumika hivi na kutukanwa hivi katika lugha moja. Masomo yanasema kinyume: punda anaposimama na kukataa, si ukaidi. Farasi akitishika hukimbia. Punda akitishika husimama na kufikiri. Na maumivu huyaficha kuliko hata farasi, hivyo ukiona punda ameacha kula, ujue ameugua tangu juzi, na kukaa kwake bila chakula peke yake kunaweza kumuua.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikiyageuza masomo hayo kwa Kiswahili, dakika tatu tatu, nikiyatuma kwa sauti kwenye simu za masaisi wenzake mjomba. Kutoka kwao yamefika kwa vijana wa mikokoteni ya maji, wale wanaopita Ngong na Kiserian na mitungi ya lita 20. Wao hawana banda wala daktari, lakini simu wanayo. Mmoja alinipigia kuuliza kama vile vipimo sita vya uso vinamhusu punda pia, na kabla sijamaliza kumjibu akaanza kunieleza uso wa punda wake.

Maneno hunipa taabu. Kuna ugonjwa ambao nyama laini iliyo kati ya mfupa na ukucha wa kwato huwaka na kuachana, mnyama akasimama ameegemea nyuma kama mtu anayekanyaga makaa. Aghalabu unaletwa na shayiri nyingi au majani mateke kupita kiasi. Kwa Kiingereza una jina la Kilatini. Nilihangaika nalo wiki nzima, nikatunga majina mawili, yote mabaya. Nikatuma sauti nikieleza tu dalili zake, kwamba ukishika kwato utaisikia moto. Kesho yake kijana mmoja wa mkokoteni akajibu: "Huo si moto wa kwato? Wangu alikuwa nao mwaka juzi."

Jina hilo ndilo ninalolitumia tangu siku hiyo. Somo linalofuata ni la meno. Lina dakika 11 za Kiingereza, na mjomba ameshauliza mara mbili liko wapi.